Ndama Wenye Shingo Laini

Kazi yangu ilikuwa kulea ndama. Sisemi kuchunga, maana watu wakisikia ng'ombe wanadhani nilikuwa nashinda porini na fimbo. Kulea. Ndama akishatengwa na mama yake siku ya nne, analetwa kwangu nimfundishe kunywa kwenye ndoo. Unachovya vidole viwili kwenye maziwa, unampa anyonye, halafu unashusha mkono polepole mpaka mdomo wake uingie ndani ya ndoo bila yeye kujua. Wengine wanashika siku hiyohiyo. Wengine wanakupiga vichwa tumboni wiki nzima. Vidole vyangu hivi vina ugumu upande wa ndani, na ugumu huo sikuupata kwenye jembe.

Shamba lilikuwa la serikali, nje kidogo ya mji wa Morogoro, mahali ambapo asubuhi unaiona milima ya Uluguru yote, hadi mapengo, kabla wingu halijaifunika. Nilifika pale kwa sababu ya mume. Mume akaondoka, mimi nikabaki na ng'ombe. Hiyo ni habari nyingine na wala haina faida. Nilisoma hadi darasa la tatu kwenye shule ya misheni kule juu, nikaja kuongezea kidogo kwenye elimu ya watu wazima. Kwa hiyo kusoma nasoma, kuandika naandika polepole, na ninapochoka naweka kalamu chini nakwenda kutazama mboga zangu.

Miaka ninayoieleza ni ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa. Kabla ya hapo sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na unapewa kipande. Ghafla tukaona sabuni za kila rangi, betri, vitenge, maziwa ya kopo kutoka nchi ambazo hata redioni sijawahi kuzisikia. Mitumba ikamwagwa sokoni kwa malundo. Mimi nilipata koti la kijani la mwanamke wa Ulaya aliyekuwa na mabega kama ya mpagazi, nikawa nalivaa bandani asubuhi za baridi, mwezi wa sita na wa saba. Lakini huku maduka yanajaa, viwanda vinafungwa, na mji wetu ulikuwa mji wa viwanda. Ving'ora vilikuwa vinatuambia saa. Kimoja kikanyamaza, kikafuata kingine, mpaka tukawa tunakisia saa kwa jua kama zamani. Binti yangu alikuwa anashona kwenye kiwanda kimojawapo. Siku moja waliambiwa waende nyumbani wasubiri kuitwa. Hawajaitwa.

Sasa daktari. Alikuwa daktari wa mifugo, kijana, mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Alikuwa amesoma ng'ambo na akarudi, jambo ambalo lilitushangaza sana, kwa sababu wengi wakienda walikuwa hawarudi, au wakirudi wanakuwa hawawezi kukanyaga mavi. Huyu alikanyaga. Siku ya kwanza alinikuta nimepiga magoti nimemshika ndama shingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usimkaribie kwa nyuma, huyu ni mpiga mateke."

Akachuchumaa pembeni mpaka nilipomaliza. Kisha akaniuliza, "Mama, ile chanjo ya begani wanayochomwa watoto wachanga unaijua?"

"Wanangu wote wanayo. Inaacha kovu kama kifungo."

"Basi ile ni ya zamani sana. Inamkinga mtoto mchanga asipate kifua kikuu kile kibaya kinachopanda hadi kichwani. Lakini mtu akishakuwa mzima, haimkingi vya kutosha. Tunatafuta iliyo bora."

"Kwa ng'ombe?"

"Kwa ng'ombe na kwa watu. Mdudu wa kifua kikuu cha ng'ombe na wa binadamu ni ndugu."

Nikamwuliza, ni ndugu wa mama mmoja? Akacheka, akafikiri, akasema ndiyo, wa mama mmoja. Nikamwambia basi ni ndugu kweli, maana kwetu Uluguru mtu anahesabiwa kwa mama yake, lukolo lake, yaani ukoo, ni la mama, na ardhi inafuata hukohuko. Ndugu wa baba tu tunamkaribisha chakula lakini shamba hatumpi. Daktari akatoa daftari akayaandika hayo. Mpaka leo sijui aliyaandika ya nini.

Chanjo aliyokuja nayo ilikuwa ile ya zamani iliyoongezewa kitu. Kitu gani, alinieleza mara mbili, na mara zote mbili sikuelewa. Nilichoelewa ni hiki: ndama kumi na wawili wa rika moja, kila mmoja na hereni yake ya namba sikioni. Sita wachomwe chanjo. Sita wachomwe maji ya chumvi tu. Halafu wote wakae banda moja na ng'ombe wazee watatu ambao walipopimwa kwa sindano shingoni walivimba, maana yake wana ugonjwa. Ndama wale kwenye hori moja na hao wazee, wavute hewa moja. Mwaka ukiisha watachinjwa, daktari atazame ndani nani kaugua na nani hakuugua.

Alichoma mwenyewe shingoni, chupa amezizungushia karatasi. Nani kapata nini aliandika kwenye daftari akalifungia kabatini, sisi tusijue. Akasema neno moja tu: ndama wote watunzwe vilevile, pasiwe na mmoja wa kupendelewa.

Aliyekuwa anakamua pale alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu mzima, hodari, mwenye mdomo. Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za babu zetu, kwa hiyo ruhusa ya kutukanana tulikuwa nayo na tuliitumia. Akamwambia daktari mbele yangu, "Daktari, huyu Mluguru usimfiche kitu. Ukimficha ataenda kwa mganga kuuliza."

"Na wewe Mnyamwezi," nikamjibu, "ukifichwa kitu unauliza kama kinaliwa."

Daktari alicheka. Lakini mtani wangu alisema kweli kuliko alivyojua, isipokuwa mganga sikumhitaji. Nilikuwa na mikono.

Ilikuwa baada ya wiki tatu hivi. Siku ya kupaka dawa ya kupe mimi simwachii mtu. Kupe hukaa nyuma ya sikio na chini ya shingo, na kwa macho humwoni, lazima upapase. Nikampapasa wa kwanza shingoni, nikakuta kivimbe chini ya ngozi, kigumu, kama punje ya kunde. Wa pili hana. Wa tatu anacho. Nikasimama na kopo la dawa mkononi. Nikarudia wote. Sita wana kunde, sita shingo laini kama walivyozaliwa.

Nikajua. Kovu la chanjo mama yeyote analijua kabla halijawa kovu, kwanza linavimba. Wale sita wenye shingo laini ndio waliochomwa maji.

Sasa nisimame hapa kidogo nieleze jambo, ili mtu asinione mjinga bure. Mama yangu alizaa mapacha baada yangu, wa kiume na wa kike. Wa kike alizaliwa mdogo kama paka. Kule kwetu mlimani, chakula hakigawiwi kwa kulinganisha sahani. Kinagawiwa kwa kutazama watu. Mama alikuwa anampakulia yule mdogo kwanza, uji wa juu ulio mzito, halafu ndio sisi wengine, na yule pacha wa kiume alikuwa analia kila siku na kila siku anaambiwa, "Wewe Mungu amekupa mwili, mwenzako tunampa sisi." Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Ukiona wawili na mmoja kapungukiwa, humwachi hivyo huku ukitazama. Kumwacha hivyo ni ukatili, na mtu wa kwenu akikuona atauliza umezaliwa na nani.

Basi nikawatazama wale sita. Wamefungwa na ng'ombe kikongwe anayekohoa, wanakula anapotemea mate, na kinga waliyopewa ni maji ya chumvi. Wenzao wana chanjo. Mimi nilijua chanjo si ukuta wa mawe, lakini mwenye nusu ya kinga na asiye na kitu hawalingani. Moyo ukaniuma. Nikaanza kuwasawazisha.

Nilikuwa nawatoa wale sita mapema, ili wale kwanza kabla wazee hawajaingiza midomo yao horini. Nikawafunga upande wa dirisha, upepo wa mlimani unapoingilia. Ndoo zao nikaziosha kwa maji ya moto. Majani mabichi laini na molasi ya kupakia juu walipata wao. Wale wenye kunde nikawaacha upande wa pili, bega kwa bega na wazee. Daktari akija, siku zake tulizijua, nawachanganya kama alivyowapanga. Sitaki kusema sikujua kwamba nakatazwa. Nilijua. Niliona tu kwamba yeye ni kijana, hana watoto, hajui.

Mtani aligundua mwezi wa pili.

"Mtani, mbona hawa wa dirishani wananenepa kama mabwana shamba?"

Nikamwambia ukweli. Akaegemea mlango akacheka mpaka akashika mbavu. "Ninyi Waluguru! Mnagawana mchicha jani kwa jani, sasa mmehamia kwa ndama. Mpelekee na padri awabatize."

"Utamwambia daktari?"

"Mimi nimwambie nini? Mimi nakamua." Akabeba ndoo zake. Halafu akageuka, "Lakini huyo namba saba mwongeze na yeye molasi. Hapati ya kutosha."

Ikapita hivyo, masika yakaja yakaisha. Katikati ya mwaka ule binti yangu akaanza kukohoa. Alikuwa amepanga chumba Kihonda, akawa anashona mapazia barazani kwa cherehani ya kuazima. Alikohoa wiki, tukasema vumbi. Alikohoa mwezi, akakonda, gauni likawa linamzunguka. Nikampeleka hospitali. Walichukua makohozi siku tatu, wakasema ni kifua kikuu. Miaka ile ukisema kifua kikuu watu wanasogeza kiti, kwa sababu ugonjwa ule mwingine ulikuwa umeingia na huu ukawa unatembea nao. Lakini binti yangu hakuwa na huo mwingine, alipimwa, na hata angekuwa nao angekuwa binti yangu. Wakamwanzishia sindano kila siku, miezi miwili, na vidonge baada ya hapo. Nilimchukua akakaa kwangu. Asubuhi naamkia ndama, jioni nampikia mchuzi wa kuku, na Jumapili namwombea. Sindano zilimuuma mpaka akawa anakaa upande.

Mwaka ulipotimia, ndama wakachinjwa. Sikwenda kutazama. Daktari alikuwa anapasua matezi ya shingoni na mapafu, siku mbili mfululizo, kwenye nyumba ya saruji nyuma ya banda. Siku ya tatu nilimkuta amekaa juu ya ndoo niliyoifudikiza ikauke. Koti limejaa madoa. Hakuinuka kunipisha, na yeye alikuwa mtu wa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vipi?"

"Chanjo haifai kitu," akasema. "Waliochanjwa wengi wameugua. Wengine wana majipu ndani ya mapafu. Waliopata maji wapo wazima, karibu wote. Yaani ni kama chanjo yangu ndiyo imewaletea." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Wageni waliotoa fedha wanakuja mwezi ujao. Nitawaandikia kwamba njia hii haina maana, tuiache. Nimeifanya kazi hii tangu nikiwa mwanafunzi, mama. Sijui nimekosea wapi."

Mimi nilikuwa na ndoo nyingine mkononi. Nikasema, "Pole, mwanangu." Nikaenda zangu.

Ndiyo, nilikwenda zangu. Na sababu nitaisema. Wiki ileile meneja alikuwa ametangaza kwamba shamba litapunguza watu, kama mashirika yote yalivyokuwa yanapunguza, na orodha itabandikwa kwenye ubao wa ofisi. Wenye makosa kwenye faili wataanza. Nami nilikuwa na mgonjwa ndani, asiyefanya kazi, anayetakiwa kula vizuri kila siku ili dawa zisimwangushe. Mshahara wangu ulikuwa ndio huo mchuzi wa kuku.

Mtani akaniambia bila utani hata kidogo, na nilishtuka, maana sikuwahi kumsikia akiongea na mimi hivyo: "Funga mdomo, mama. Ndama wamekufa, hawatasema. Orodha ikishapita, ukitaka kutubu nenda kanisani."

Jioni yake nilimsimulia binti yangu. Nilimsimulia kama kichekesho, jinsi nilivyowalisha wale sita, jinsi mtani alivyotaka padri, na jinsi ndama wa maji walivyotoka wazima kuliko wa chanjo. Nilicheka peke yangu. Binti yangu alikuwa anamenya viazi. Akaweka kisu chini, akavuta shingo ya gauni, akanionyesha bega.

"Mama, hili kovu nilichomwa wapi?"

"Misheni. Nilikubeba mwenyewe mgongoni, ulilia kutoka juu mpaka bondeni."

"Na bado nimeugua. Kwa hiyo hii haikunitosha." Akarudisha gauni. "Sasa kuna mtu anatafuta itakayotosha, na wewe umemwonyesha njia ya uongo. Ataiacha. Labda ilikuwa ndiyo yenyewe."

"Nilikuwa nawaonea huruma."

"Najua ulikuwa unawaonea huruma. Mimi je?"

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Alichukua kisu akaendelea na viazi, na mimi nikakaa natazama maganda yanavyoanguka. Nikasema, "Nikisema, watanipunguza. Utakula nini?"

"Tutakula viazi," akasema.

Asubuhi nilikwenda ofisini kwa daktari. Viatu nilivivua mlangoni, sijui kwa nini, hakuna aliyekuwa anavua. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: kunde za shingoni, dirisha, ndoo za maji ya moto, molasi, na kuwachanganya siku zake za kuja. Mtani sikumtaja.

Alinikasirikia. Kuna watu nikiwasimulia habari hii wanapenda nifike haraka pale anaposamehe, lakini kwanza alinikasirikia, na alikuwa na haki. Alisimama kiti kikaanguka. "Mwaka mzima!" akasema. "Mwaka mzima, mama! Ndama kumi na wawili nimewaua bure!" Neno hilo la ndama lilinichoma kuliko yote, maana ni mimi niliyewafundisha kunywa. Akatoka, akaniacha na kiti kimelala. Nilimwona dirishani akizunguka banda, mara ya kwanza, mara ya pili, mikono nyuma. Nikasema moyoni, sasa anakwenda kwa meneja.

Akarudi. Akainua kiti, akaniambia nikikalie mimi. Yeye akakaa juu ya meza na daftari.

"Niambie siku kwa siku. Nani alifungwa wapi. Namba kwa namba. Usiache kitu."

Nilikumbuka vyote. Mtu asiyeandika sana hukumbuka. Tulikaa siku ile na siku ya pili yake, mpaka tukachora banda kwenye karatasi na kuweka punje za mahindi kuwa ndama na vifuniko vya soda kuwa wale wazee. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo uso wake ulivyobadilika. Mwishoni akawa anazitazama zile punje muda mrefu.

"Hawa wa chanjo," akasema, "umewabana na wagonjwa kuliko hata nilivyopanga mimi. Usiku na mchana. Na bado wawili hawakuugua kabisa." Akatikisa kichwa. "Siwezi kusema inafaa. Lakini siwezi tena kusema haifai. Itabidi turudie."

"Utaniandika?"

"Lazima niandike kilichotokea. Jina naweza kuliacha. Nitaandika mhudumu."

"Mhudumu wa ndama niko mmoja tu, mwanangu. Meneja si mjinga."

"Najua, mama. Nisipoandika, wageni hawatakubali kurudia."

Nikamwambia aandike. Sikusema kwa ujasiri, sauti ilinitoka kama ya mtu anayeomba maji. Kisha nikaulizwa kama nina swali. Nikauliza kosa lake yeye lilikuwa wapi, maana na yeye hakuwa msafi. Akasema, "Nilisahau kwamba una mikono." Aliliandika na hilo pia.

Orodha ikabandikwa siku ya Ijumaa. Tulijazana pale ubaoni kama watu wa mgao. Mimi nilisoma polepole, kidole kwenye kioo, mstari hadi mstari, na watu nyuma wananisukuma. Jina langu halikuwemo. Nikasoma tena. Halikuwemo. Baadaye nilisikia kwamba daktari alikwenda kwa meneja akasema kazi ikirudiwa bila mimi yeye hairudii. Yeye mwenyewe hakuniambia, na mimi sikumwuliza.

La mtani lilikuwemo. Mtu aliyeniambia nifunge mdomo, ambaye hakuwa na kosa kwenye faili, mkamuaji bora kuliko wote. Walisema mashine ya kukamua inakuja. Ilikuja kweli, ikafanya kazi mvua moja, na sitaki kuizungumzia.

Nilimsindikiza stesheni. Alikuwa na baiskeli, godoro na kuku wawili kwenye tenga.

"Nilijua," akasema, "Mluguru ataungama na Mnyamwezi ndiye atakayefukuzwa peponi."

"Nenda zako. Na huko kwenu ukafundishe watu kuoga."

"Nitawafundisha kupapasa shingo." Akacheka, lakini macho hayakucheka, wala yangu. Treni ilichelewa kama kawaida, tukala mahindi ya kuchoma, tukatukanana mpaka maneno yakatuishia. Sikuwahi kumwona tena.

Binti yangu alimaliza vidonge vyake. Alirudi Kihonda kwenye mapazia yake, amenenepa, akanionyesha cheti walichomwandikia kwamba amepona. Nilifurahi nikamchinjia kuku, halafu nikamwambia chakula kimekwisha aende akafanye kazi.

Kazi ikarudiwa. Ndama wengine kumi na wawili, hereni mpya. Safari hii daktari aliweka kitu hata kwenye yale maji, kila shingo ikavimba, mikono yangu ikawa mipofu. Na akapanga utaratibu kwamba kila asubuhi ndama wanasogezwa nafasi moja kwenda kulia, ili kila mmoja apate zamu yake ya kufungwa karibu na wazee. Anayewasogeza ni mimi. Aliniambia, "Sikuamuru, mama. Nakuomba." Wahudumu wenzangu walishangaa kwamba aliyeharibu ndiye aliyeachiwa. Mimi nadhani alijua kwamba kati ya watu wote pale, ni mimi tu niliyejua bei ya kuharibu.

Lakini kujua ni kitu kimoja. Kulikuwa na ndama namba nne, jike, mwekundu, aliyezaliwa kabla ya siku zake. Yule alinipiga vichwa wiki mbili kabla ya kujua ndoo. Miguu kama ya meza iliyolegea. Wenzake walikuwa wanamsukuma horini, na alikuwa ana namna ya kusimama akisubiri nimtazame, ndipo ale. Asubuhi moja ya baridi, daktari akiwa Dar kwa wageni wake, nikahesabu nafasi nikakuta zamu imemfikia yeye kwenda kwa kikongwe. Kikongwe siku ile alikuwa anakohoa kutoka mbali kabisa, kohozi linamwagika kwenye majani.

Banda lilikuwa tupu. Mtani hayupo, hakuna wa kuniona wala wa kunicheka. Kumruka yule ndama zamu moja tu, nani angejua? Nilisimama na kamba mkononi mpaka maji ya kwenye ndoo yakapoa. Nilijiambia ni mdogo. Nilijiambia siku moja si kitu. Nilimwona mama yangu na lile bakuli la uji mzito, akinitazama na kuuliza nimezaliwa na nani.

Nikamwambia mama, kwa sauti, mle bandani, "Huyu sijui kama kapata au hakupata. Na wala sitakiwi kujua."

Nikamfungua namba nne. Alinifuata bila kuvutwa, pua yake kwenye mkono wangu, akidhani nampeleka kwenye maziwa. Nikamfunga kwenye nafasi yake, fundo la kawaida lisilobana, nikamwekea majani kipimo kilekile cha wenzake. Kisha nikachukua panga langu na gunia, nikaenda kukata majani ya jioni.